Mshale wa oili umelala: ubadili senza, ufunge geji ya bomba au ufungue injini?

Juni iliyopita, asubuhi moja ya Uyole, hapa Mbeya, ambayo ukungu haukuwa na dalili ya kuondoka, niliwasha Eunos Roadster yangu ya mwaka 1991, gari dogo la spoti la Mazda, na mshale wa presha ya oili ukabaki umelala kwenye sifuri. Injini ilikuwa inazunguka vizuri. Haigongi, haina mlio mgeni. Nilizima palepale, nikavuta kijiti cha oili: ipo, karibu na alama ya juu, rangi ya asali iliyokolea, haina harufu ya petroli wala weupe wa maji. Nikabaki nimesimama mbele ya boneti na swali moja: anayedanganya ni geji au ni injini?

Ukilipeleka swali hilo kwa mafundi wanne wa Mwanjelwa utapata majibu manne. Wa kwanza atakwambia badili senza. Wa pili atasema weka oili nzito, yataisha. Wa tatu atasema hiyo ni pampu. Wa nne ataangalia umri wa gari, atatikisa kichwa na kutamka ovahoo, yaani kufungua injini nzima. Kila mmoja amewahi kukutana na gari ambalo jibu lake lilikuwa sahihi, ndiyo maana anasema kwa uhakika. Mimi nimepitia njia zote hizo katika miaka ya kumiliki magari ya spoti ya zamani huku nyanda za juu, na naziweka hapa bega kwa bega ili mwenzangu mwenye mshale uliolala ajue aanze wapi. Ukianza na njia sahihi unamaliza jambo kwa saa moja. Ukianza na mbaya, gari linakaa juu ya stendi wiki mbili.

Wiki mbili sizisemi kwa kukisia. Kabla ya Roadster nilikuwa na gari jingine la Kijapani, na mshale wake ulipolala nilikwenda gereji moja ya mjini.

"Kaka, hiyo pampu," fundi aliniambia kabla hata boneti haijafunguka vizuri. "Hizi gari za spoti zinakufa pampu."

"Umepima, fundi?"

"Sijapima, lakini nimeziona nyingi."

Nilikubali. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikashushwa, mkanda wa taiming ukatolewa, pampu mpya ikafungwa, gasketi mpya, oili mpya. Siku ya kuwasha, mshale ukalala vilevile kwenye sifuri. Tatizo lilikuwa waya wa senza uliokatika ndani ya ganda lake, mahali ulipokuwa ukisuguana na mabati. Pampu ya zamani niliichukua nyumbani. Ilikuwa nzima kabisa, meno yake hayana hata mkwaruzo. Bado ninayo.

Kwanza ijue geji yako

Kabla ya kulinganisha dawa, lazima ujue ni kifaa gani kinakupa habari, kwa sababu magari haya hayafanani.

Yapo magari yenye geji ya bomba tangu kiwandani. Mengi ya Uingereza ya zamani, kama MGB, yako hivyo: bomba jembamba linatoka kwenye injini na kuleta oili yenyewe hadi nyuma ya dashibodi. Hapo hakuna umeme. Mshale ukilala, ama bomba limeziba au linavuja, ama presha kweli hakuna.

Yapo yenye senza ya umeme, na hayo ndiyo mengi tunayoletewa kutoka Japani. Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973, ni mfano mzuri. Wazee wetu bado wanalitaja. Presha ya oili na joto la maji vinakaa kwenye saa moja ya mviringo, na habari ya oili inatoka kwenye senza iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ndani ya senza ya namna hii kuna kiwambo chembamba. Oili ikikisukuma, umeme unaopita unabadilika, na mshale unapanda. Kiwambo kikichoka, waya ukilegea, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi) ikiwa mbovu, mshale utakueleza habari isiyohusiana na oili.

Kisha kuna aina ya tatu, na hii imewachanganya watu wengi sana: geji inayofanana na geji lakini kazi yake ni ya taa. Roadster za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1989, zina geji ya kweli. Matoleo ya katikati ya miaka ya 1990 kuendelea yana mshale unaoruka hadi katikati mara presha inapozidi kiasi kidogo tu, kisha unakaa hapohapo, iwe umesimama kwenye foleni ya Mafiati au unapanda mlima kwa resi. Nyuma yake kuna swichi, haina ngazi za kupima. Ukiona mshale wako haujawahi kutikisika tangu ununue gari, usifurahie utulivu wake. Huenda haupimi chochote.

Na taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya birika? Kwa magari mengi inawaka presha ikishuka chini ya takriban 4 hadi 7 PSI, kipimo cha presha. Kwa injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hicho si kiwango cha kukuonya mapema. Ikiwaka barabarani, zima injini pale ulipo kisha uulize maswali baadaye.

Mshale unavyosema

Tabia ya mshale inakupa nusu ya jibu bure, kabla hujashika spana.

Mshale uliolala sifuri tangu unapowasha, huku injini ikilia kama kawaida, mara nyingi ni waya au senza. Injini isiyo na presha kabisa haikai kimya. Tapeti, vidude vinavyosukuma vali, zitaanza kulia ti-ti-ti, kisha beringi zitaanza go-go-go, na hiyo ya pili hutaisahau. Mshale uliokwama juu kabisa, hata ufunguo ukiwa umewasha umeme tu, ni waya uliogusa bodi au senza iliyoungua. Baadhi ya magari yana mfumo wa kinyume, kwa hiyo angalia mchoro wa umeme wa gari lako. Mshale unaorukaruka kwenye makorongo na matuta ya rafu ni plagi iliyolegea. Lakini unaoanguka kwenye kona tu, kisha ukarudi ukinyooka, ni jambo jingine: oili imepungua na pampu inanyonya hewa. Huo usiuendee na mita ya umeme, uendee na kijiti.

Ukiwasha taa za mbele na mishale yote ikasogea pamoja, ya oili, ya temperecha na ya mafuta, usiguse injini. Ugonjwa uko kwenye ethi ya dashibodi au kwenye kidhibiti cha umeme wa saa hizo.

Mshale unaonitia wasiwasi ni ule unaoshuka taratibu kadiri injini inavyopata moto, wiki hii kidogo, mwezi ujao zaidi. Umeme unapokufa kwa kawaida unakata au unarukaruka. Kushuka kwa ustaarabu namna hiyo mara nyingi ni oili yenyewe, au beringi zinazoisha.

Njia tatu za kuupata ukweli

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Kuna kubadili senza, kuna kupima umeme kwa mita, na kuna kufunga geji ya bomba ya majaribio. Watu huzichukulia kama njia tatu za kufanya kazi moja. Kila moja inajibu swali lake.

Kupima umeme ndiyo rahisi kuliko zote. Unachomoa plagi ya senza, unawasha ufunguo bila kuwasha injini, unaugusisha waya kwenye bodi kwa sekunde moja, na mwenzako aliyekaa ndani anatazama mshale. Ukisogea, waya na geji ni vizima, tatizo liko senza au ndani ya injini. Usiposogea, tatizo ni waya au saa. Mimi napitisha waya kwenye balbu ndogo ya 12V badala ya kuugusisha moja kwa moja, kwa sababu saa za zamani zinaungua, na kupata nyingine ni kazi. Halafu pima ethi: ncha moja ya mita kwenye mwili wa senza, nyingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma kubwa, senza haina ethi, na mara nyingi aliyesababisha ni fundi aliyeizungushia tepu nyeupe ya mabomba kuanzia juu hadi chini. Tepu ile inazuia oili, na inazuia umeme vilevile.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haigharimu chochote kama una mita. Upungufu wake ni mkubwa: inakuambia kama mjumbe ni mzima, haikuambii kama ujumbe ni wa kweli. Na usishtuke mita ikicheza juu chini ukipima senza yenyewe huku injini ikizunguka. Baadhi ya senza za zamani za Kijapani hufanya kazi kwa kukata na kuunga umeme, kuchezacheza huko ndiyo kazi yake.

Kubadili senza ndiyo njia ambayo wengi wanaanza nayo, na naelewa kwa nini. Ni kitu kimoja kidogo, dakika ishirini, na mara nyingi kweli ndiyo iliyokufa. Chomoa raba ya plagi uitazame ndani. Yangu ilikuwa imelowa. Niliingiza kidole kidogo, kikatoka na tone jeusi la oili, na ndani ya plagi ile hapatakiwi hata unyevu. Kiwambo kilikuwa kimepasuka na oili ilikuwa inajipenyeza juu kupitia mwili wa senza. Ishara hiyo ukiiona, senza ni ya kubadilishwa hata kama mshale bado unafanya kazi, kwa sababu siku ikipasuka kabisa oili itamwagika barabarani.

Lakini senza mpya kama kipimo cha ukweli? Hapana. Ukifunga mpya na mshale ukapanda hadi chini kidogo ya ulivyokuwa zamani, utasemaje? Injini imechoka, au senza mpya ya bei nafuu inasoma chini? Nyingi zinazouzwa sasa hazisomi sawa na za kiwandani. Umelipa, na bado una shaka ileile, sasa ikiwa na sura mpya.

Angalia pia unachouziwa. Niliagiza yangu Kariakoo, ikaja na basi la usiku, nikafungua boksi na kukuta kidude cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Hiyo ni swichi ya matoleo ya baadaye. Senza ya geji ya kweli ni kopo dogo linalojaza nusu ya kiganja. Nilimpigia muuzaji.

"Bosi, hiyo ndiyo inayoingia, nyuzi ni zilezile," akasema.

Nyuzi kweli ni zilezile, na ndiyo hatari yenyewe. Ingeingia vizuri, isingevuja, na mshale usingesema kweli hata siku moja. Nilimtumia picha ya ile ya zamani iliyo kwenye kiganja changu, ndipo akatuma inayofaa.

Geji ya bomba ndiyo chaguo langu, na ndiyo ninayomshauri kila mtu aanze nayo iwapo anaweza kuipata. Unatoa senza, unafunga adapta mahali pake, mpira unaleta oili hadi kwenye saa yenye mshale wa chemchemi. Hakuna waya, hakuna ethi, hakuna betri. Presha ikiwepo mshale unasukumwa, isipokuwepo hausukumwi. Saa ya hadi 100 PSI inatosha. Mafundi wa mashine kubwa na matrekta wanazo, na wengi hapa Mbeya watakuazima au kukufungia kwa malipo madogo kuliko bei ya galoni la oili nzuri.

Kwenye nyuzi nina ombi moja, nalisisitiza kwa sababu nimeona injini ikiharibiwa hapo. Toyota, Nissan, Mazda na Subaru nyingi za zamani zina tundu la 1/8 BSPT, aina ya nyuzi za mabomba, lenye nyuzi 28 kwa inchi. Geji nyingi za Kimarekani huja na adapta ya 1/8 NPT, aina ya Kimarekani, yenye nyuzi 27. Ukizitazama kwa macho ni mapacha. Adapta ya NPT itaingia raundi mbili tatu kwa mkono, kisha itakaza, na fundi mwenye haraka atadhani ni kawaida ya nyuzi zinazobana. Akivuta spana, anakata nyuzi za injini. Magari mengi ya Ulaya yana nyuzi za milimita, M10 au M12. Linganisha na senza uliyoitoa, nyuzi kwa nyuzi, ukiziegemeza pamoja mbele ya mwanga. Zikiachana hata kidogo, acha.

Kwenye Roadster tundu liko chini ya manifoldi ya hewa, juu kidogo ya chujio la oili, mahali ambapo mkono unaingia lakini jicho haliingii. Nilipitisha mpira kwenye mwanya wa boneti, nikaibandika saa kwa tepu juu ya kioo cha mbele, upande wa nje, nikaufunga mpira mbali na bomba la moshi. Nikawasha. Mshale ulipanda mpaka zaidi ya 60 PSI, kama inavyotarajiwa oili ikiwa baridi. Nilikaa pale nikiutazama kwa dakika nzima kabla sijaamini.

Kisha nikaenda barabarani, maana kipimo cha injini baridi ni nusu ya kipimo. Nilipanda barabara ya Tukuyu kutoka Uyole kuelekea Isongole, taratibu, gia ya tatu, hadi injini ikapata moto wote. Nikasimama pembeni penye nafasi. Kwenye sailensi, injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, ilisoma kidogo juu ya 30, na kwenye mizunguko 3,000 ilisoma 50. Kitabu cha huduma cha Mazda kwa injini hizi kinataja takriban 28 hadi 43 PSI kwenye mizunguko 1,000, na 43 hadi 57 kwenye 3,000, injini ikiwa ya moto. Injini yangu ya zaidi ya miaka thelathini ilikuwa ndani ya viwango vya kitabu. Kwa gari ambalo kitabu chake hukipati, mafundi wengi hutumia kanuni ya 10 PSI kwa kila mizunguko 1,000. Ni kanuni ya kujishikiza tu, kitabu kikipatikana ndicho kinachoamua.

Hizo namba mbili, ya sailensi na ya 3,000, zote zikiwa za moto, ndizo zilizoniokoa na pampu nyingine isiyo na hatia.

Oili nzito

Nimeiweka peke yake kwa sababu inatolewa kama kipimo na kama dawa, na yote mawili hayako sawa. Pampu ya oili haitengenezi presha. Inasukuma ujazo, na presha inazaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi ndogo za beringi. Nafasi zikipanuka, oili inapita kirahisi, presha inashuka. Ukiweka oili nzito, inapita kwa shida, mshale unapanda. Nafasi hazijapungua hata kidogo.

Kwa mtu wa Dar es Salaam labda oili nzito kama 20W-50 haina ubaya mkubwa. Kwa sisi wa Mbeya, Njombe na Makete, ambako Julai unaamka na kukuta umande umekuwa barafu kwenye majani, oili nzito asubuhi inatambaa. Roadster za mwanzo zina tapeti zinazojazwa na oili, na zenyewe zinapenda kulia ti-ti-ti injini ikiwa baridi. Watu wanausikia mlio huo, wanadhani ni beringi, wanaongeza uzito wa oili, na tapeti zinalia zaidi kwa sababu oili haizifikii haraka. Nimeshuhudia mzunguko huo ukienda hadi gari likauzwa kwa bei ya kutupa.

Kuna mahali oili nzito kidogo ni uamuzi mzuri: umeshapima kwa geji ya bomba, presha iko chini kidogo ya kitabu ikiwa moto, injini haigongi, na kitabu chenyewe kinaruhusu namba ya juu. Hapo kutoka 10W-30 kwenda 10W-40 ni busara. Lakini kabla ya hapo badili chujio. Chujio bandia lisilo na vali ya kuzuia oili kurudi linaacha injini ikiwa kavu usiku kucha, hasa kwa gari kama Roadster ambalo chujio limelala ubavuni, na kila asubuhi mshale unachelewa sekunde kadhaa. Na nusa kijiti. Oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi kama maji, na dawa yake iko kwenye mfumo wa petroli.

Kuhusu mwinuko nimeulizwa mara nyingi: je, huku juu presha si inashuka? Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, kweli. Lakini geji ya bomba inapima tofauti kati ya oili na hewa ya nje, na pampu inasukuma ujazo uleule popote ilipo. Hata kwa senza iliyozibwa, isiyopata hewa ya nje, tofauti ya kutoka pwani hadi hapa haizidi 3 PSI. Kinachoshusha mshale wako ukipanda mlima Kitonga nyuma ya lori lililobeba shehena ya Tunduma ni joto: gia ndogo, hewa haipiti kwenye rejeta, oili inachemka, mizunguko iko chini. Ukifika Ilula na barabara ikanyooka, mshale unarudi. Hilo si ugonjwa.

Kufungua injini

Sitarefusha. Unafungua ukiwa na namba mkononi. Rafiki yangu wa Iringa mwenye Subaru ya zamani alifunga geji ya bomba, sailensi ikasoma 8 ikiwa ya moto na 3,000 ikasoma 20. Alizima siku ileile, hakuwasha tena hadi injini ikashushwa, na beringi za konrodi zilikuwa zimelika hadi kuonyesha shaba. Krenki ilipona kwa sababu hakuendelea kuendesha. Ukifika huko, anza na vali ya presha ya pampu, kwa sababu kipande cha uchafu kinaweza kuishikilia wazi na presha yote ikarudi kwenye sampu. Kwenye Roadster kushusha sampu ni kazi ya kuinua injini au kulegeza fremu ya mbele, kwa hiyo ukishafika chini, tazama pampu, beringi na nyavu ya kunyonyea kwa pamoja.

Kipi kibaki kwenye gari?

Ukishaujua ukweli, swali linalofuata ni ufunge nini cha kudumu. Geji ya bomba ndani ya gari inavutia kwa usahihi wake, lakini mimi siifungi. Inaleta oili ya moto yenye presha hadi juu ya magoti yako. Bomba la nailoni linayeyuka likigusa chuma cha moto, la shaba linachoka kwa mtikisiko na kukatika, na barabara zetu za ndani zinatikisa. Mwenye gari ambalo kiwanda kiliweka bomba, abadili mpira kwa ule wenye ganda la chuma na akague viungo kila anapobadili oili.

Geji mpya ya umeme yenye senza yake ni nzuri kwa anayepanda milima kila wiki au mwenye geji ile ya kuigiza. Ila senza zake ni nzito. Ukiifunga moja kwa moja kwenye adapta ya shaba, mtikisiko wa injini utaikata adapta siku moja na oili yote itamwagika. Ifunge kwenye bodi, ilete oili kwa mpira mfupi wenye ganda la chuma, na uipe waya wake wa ethi.

Mimi nimefunga ile senza mpya ya aina ya kiwandani. Niliipaka sili kidogo kwenye nyuzi za juu, nikaacha nyuzi mbili za mwanzo kavu, nikapima ethi, nikaikaza bila kuning'inia kwenye spana. Kisha nilifanya jambo ambalo naona ni la thamani kuliko senza yenyewe: kwa zile namba mbili za geji ya bomba, nilitia alama ndogo mbili za rangi nyeupe kwenye kioo cha saa, moja mshale unapokaa kwenye sailensi ya moto, nyingine unapokaa kwenye 3,000. Saa ya kiwandani haisomi sawasawa na geji ya bomba, na haina haja. Nikiona mshale umeanza kukaa chini ya alama, najua siku hiyohiyo.

Kwa anayekwenda kununua gari la namna hii, fika kabla halijawashwa. Shika boneti, iwe baridi. Washa ufunguo tu na uone taa ya oili inawaka, maana wapo wanaochomoa balbu. Kisha waambie wawashe, na uutazame mshale tangu sekunde ya kwanza hadi injini inapopata moto. Ukianza juu na kushuka taratibu, unaongea. Ukikaa palepale muda wote, omba wakuruhusu kuja na geji ya bomba. Aliyekataa mimi nilimshukuru, nikaondoka.